Daftari la Duka la Steshenari, Kihonda, Morogoro

Jumatatu

Umeme umerudi saa tatu kasoro, nikafungua duka. Mteja wa kwanza ni kijana dereva, kaja na barua ya maombi ya kazi ndani ya simu. Zamani angekaa kwenye benchi akanieleza habari zake, nikamtungia barua na kuipiga chapa kwa shilingi elfu mbili. Siku hizi anatungiwa na akili mnemba bila malipo. Mimi nimebakiwa na kuprinti, shilingi mia mbili kwa ukurasa.

Nimeisoma kwanza, kwa mazoea ya kazi. Barua nzuri kupita kiasi. Inasema kijana ana uzoefu wa muda mrefu wa kuongoza timu ya watu wa tamaduni mbalimbali. Nikamuuliza timu ipi. Akafikiri, akajibu, "Konda." Mwisho wa barua, ndani ya mabano, pameandikwa: Andika jina lako hapa. Nikamwomba jina nilijaze. Akakataa. Rafiki yake kamwonya asiguse kitu, ukigusa mahali pamoja inavurugika yote. Nikaprinti ilivyo. Akatia saini juu ya mabano kwa kalamu yangu, akaondoka. Dakika tano baadaye alirudi kuchukua barua aliyoisahau. Kalamu hakurudi nayo.

Jioni mjukuu wangu Rehema, wa kidato cha tatu, kaja na karatasi ya mdahalo wa shule. Hoja inasema: "Kukua kwa akili mnemba kuna hatari nyingi kuliko manufaa kwa binadamu." Mdahalo ni Ijumaa ya wiki ijayo na yeye kapangiwa upande wa kupinga. Ananiomba hoja. Nimemwambia mimi nilisomea uhazili Tabora; tulifundishwa hatimkato na kupiga taipu bila kutazama vidole, kuhusu binadamu hatukufundishwa. Akasema basi bibi, wewe andika tu yanayotokea dukani, nitachagua mwenyewe. Nimetoa daftari moja kwenye rafu ya kuuzia na nimeliandika kwenye matumizi ya duka.

Jumanne

Mvua tangu alfajiri. Wateja hakuna. Fundi Mkude, ninayegawana naye baraza, alisogeza cherehani yake ndani ya duka langu ili isilowe, kwa hiyo hata kama wateja wangekuja wasingepata pa kusimama. Hamisi, mtoto wa kaka yangu anayesoma chuo, naye alikuwepo. Akatusomea habari kwenye simu.

Anasema Mei 2023 wataalamu wengi walitia saini tamko lenye sentensi moja tu: hatari ya akili mnemba kuwatokomeza binadamu ipewe kipaumbele duniani sambamba na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Mkude akasimamisha cherehani, akauliza ni kina nani waliosaini. Hamisi akataja. Yumo Sam Altman, mkuu wa kampuni iliyotoa ChatGPT Novemba 2022. Yumo Demis Hassabis wa Google DeepMind. Yumo Geoffrey Hinton, aliyeacha kazi Google mwezi huohuo ili aweze kusema hofu yake bila kumfunga mwajiri.

"Yaani," Mkude akasema, "mwenye basi kasimama hapo stendi ya Msamvu anatangaza kwamba breki hazishiki, na tiketi anakata?"

Hamisi akasema ndiyo, kwa kifupi. Akaongeza kwamba mwaka 2024 Hinton alipewa Nobeli ya Fizikia pamoja na John Hopfield, kwa kazi iliyozaa kitu hichohicho anachokihofia. Mwaka huohuo Hassabis na mwenzake John Jumper wakapata sehemu ya Nobeli ya Kemia, kwa programu inayobashiri umbo la protini, jambo linalowasaidia watafiti wa dawa. Nimemwandikia Rehema: wanaoogopa na wanaotuzwa ni walewale. Nilitaka kuongeza neno lakini maji yalikuwa yameshaingia, tukaanza kunyanyua makatoni ya karatasi. Rimu moja imelowa. Nitaiuza kwa shule ya chekechea.

Jumatano

Wameleta wasifu wa marehemu nitoe nakala sitini. Marehemu ni mzee mmoja wa Mgeta, nilimfahamu, alikuwa akituletea njegere na kabichi miaka yote. Maziko kesho. Maandishi yalitoka Dar, kwa mjukuu wake mkubwa, yakapitia WhatsApp hadi kwa kijana aliyetumwa kwangu.

Nilisoma nusu ukurasa, nikamuuliza kijana kama wakubwa wameuona. Akasema umeshapitishwa kwenye grupu la familia, watu ishirini na wawili wameweka dole gumba. Nikamwambia aya ya pili inahitaji kutazamwa. Akasema gari linamsubiri. Nimetoa nakala sitini.

Alhamisi

Nimekwenda Mgeta kuzika. Barabara ya kupanda milimani wakati wa mvua kila mtu anaijua, sitaieleza. Tulifika watu wakiwa wameshakaa, na msomaji wa wasifu kasimama na karatasi niliyoiprinti mimi.

Aya ya kwanza ilikwenda salama: kuzaliwa, kubatizwa, kuoa, watoto. Kisha akaingia aya ya pili. Akasoma kwamba marehemu alikuwa mpenzi wa vitabu na muziki laini, na kwamba katika muda wake wa faragha alipenda matembezi marefu kando ya bahari.

Kimya. Mzee yule sijui kama aliwahi kuvuka Chalinze kwenda pwani. Muda wake wa faragha alikuwa na mbuzi wa maziwa. Mjane alikuwa ameinama chini ya kanga muda wote. Akainua kichwa, akauliza kwa sauti ndogo iliyosikika hadi nyuma walikokaa vijana:

"Bahari na nani?"

Msomaji akatazama karatasi, kana kwamba jina lingekuwepo. Akaendelea, kwa sababu ratiba ilikuwa imebana. Palipofika mahali paliposema marehemu ameacha pengo lisilozibika, ni wageni tu waliolia. Wenyeji walikuwa bado wako baharini.

Baada ya maziko wazee walimkalisha mjukuu wa Dar kitako. Akaeleza wazi, hakuficha. Aliiambia simu imwandikie wasifu mzuri wa babu, akataja jina, miaka na idadi ya watoto. Mengine yote ilijaza yenyewe. Shangazi mmoja akauliza, mbona haikuuliza? Kijana hakuwa na jibu. Mjane alielezwa mara mbili na mzee wa kanisa, akatikisa kichwa cha kukubali, lakini wakati wa kuagana alinishika mkono akaniuliza tena, wewe mwenye mashine ndiwe uliyeiandika, huyo mwanamke yuko Tanga au Bagamoyo?

Hamisi, nilipomsimulia usiku, alisema hilo si la Mgeta peke yake. Juni 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani mashauri ambayo hayakuwahi kuwepo. ChatGPT iliyatunga, na majina na namba zake, nao hawakuyahakiki. Inavyofanya kazi, anasema, ni kukisia neno linaloelekea kufuata, moja baada ya jingine, na wasifu mwingi iliojifunzia una vitabu na bahari. Inawezekana. Tabora mwalimu wetu alitufundisha kwamba habari usiyopewa unaiwekea nukta nukta, na karani aliyejaza kutoka kichwani mwake alikuwa akirudishwa kwao. Nukta ni kitufe kimoja. Sijui kwa nini mashine ghali hivyo inakwepa kukibonyeza.

Ijumaa

Wino mweusi umekwisha. Nimefunga mapema.

Jumamosi

Siku ya picha ndogo za fomu. Kamera yetu ina ukungu ndani ya lenzi kutokana na mafuriko ya Jumanne, kwa hiyo Zawadi, binti anayenisaidia, anapigia simu yake. Leo amerudi mzee mmoja mstaafu tuliyempiga juzi. Alipeleka picha na kitambulisho kwenye ofisi anakohakikiwa mafao. Karani akatazama picha, akamtazama yeye, akamwambia mwenye picha aje mwenyewe.

Tumeikagua. Simu ya Zawadi inapendezesha uso bila kuombwa. Imemwondolea mzee mikunjo yote, imemtoa kovu la kwenye paji la uso alilolipata kiwandani, na imemweupisha hadi anafanana na mtangazaji wa televisheni. Tumempiga upya bila malipo, baada ya Zawadi kuhangaika kuzima hicho kipodozi. Mzee akaipokea picha mpya bila furaha. Halafu akaagiza kumi na mbili za ile ya kwanza, kubwa, za kugawa nyumbani. Amelipa taslimu.

Hamisi akasema mashine na nyuso zetu wana historia. Mwaka 2018 Joy Buolamwini wa MIT, ambaye wazazi wake ni Waghana, pamoja na Timnit Gebru mzaliwa wa Ethiopia, walipima programu tatu zilizokuwa sokoni za kukisia jinsia ya mtu kwa uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1. Kwa wanawake weusi, programu iliyofanya vibaya kuliko zote ilikosea karibu asilimia 35. Zawadi akauliza, "Kwa hiyo mimi ingeniita kaka?" Hamisi akasema mara moja katika kila tatu. Zawadi hakumsemesha tena mpaka jioni.

Baada ya kufunga, Hamisi kwa kujaribu kurudisha amani akatusimulia ya Hong Kong. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni moja ya uhandisi huko alihamisha fedha za kampuni, kiasi cha dola milioni 25, baada ya kukaa kwenye mkutano wa video na wakubwa wake. Wakubwa wote waliokuwa kwenye video walikuwa wa kughushi, sura na sauti. Amani haikurudi, lakini tumelala tumefunga simu.

Jumapili

Saa saba mchana imepigwa simu kutoka namba nisiyoijua. Sauti ya kaka yangu Athumani, wa Kilosa, baba yake Hamisi. Anasema yuko Dumila, gari limewaharibikia, kwenye vurumai ya kuhamia gari jingine kaibiwa simu na pochi, nimtumie elfu kumi na tano kwenye namba hii anayopigia.

Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajaletewa ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii." Tumeuzoea, tunaufuta. Huu ulikuja na sauti ya kaka yangu mwenyewe, na kikohozi chake. Nikakumbuka Hong Kong. Nikamwambia kama kweli wewe ni Athumani, nitajie jina la mbuzi aliyekula kanga ya mama siku ya Idi.

Kimya kidogo. Akasema, "Mbuzi yupi? Walikula wawili."

Hilo ndilo hasa jibu ambalo tapeli angelitoa. Nikakata simu.

Saa mbili usiku hodi mlangoni. Athumani, kashushwa na lori la nyanya, shati lina madoa mekundu, kachoka. Hakunisalimu. Alisema, "Sikujua. Jina lake Sikujua." Nami nikakumbuka kwamba kweli mbuzi aliitwa Sikujua, marehemu baba ndiye aliyempa jina. Nikampa maji ya kuoga. Hamisi, aliyeleta habari za Hong Kong ndani ya nyumba hii, alikuwa ameshalala.

Jumatatu

Athumani amenuna, ila anakula. Anachoililia simu yake si namba za watu. Ni Nuru. Ni programu iliyotengenezwa na watafiti wa PlantVillage wa chuo kikuu cha Jimbo la Pennsylvania huko Marekani pamoja na taasisi ya kilimo ya IITA: unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, inakwambia kwa Kiswahili kama ni ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia, na haihitaji bando ukiwa shambani. Bwana shamba wa kwao ana vijiji vingi na pikipiki moja, na pikipiki haina tairi la nyuma. Msimu uliopita Athumani aling'oa mistari minne mapema kwa kuambiwa na simu, akaokoa shamba. Nilimuuliza kama haijawahi kukosea. Akasema hukosea, ndiyo maana anapiga majani mengi, kisha anapasua na muhogo wenyewe kutazama ndani.

Ameazima simu ya Hamisi na kuiwekea Nuru. Ameshapima uwanja mzima, na mpapai wa jirani, na mchicha wangu ulio kwenye ndoo. Mpapai haukupatikana na kosa. Jirani ameuliza kwa nini tunaupiga picha.

Jumanne

Gari la kupima kifua kikuu lilisimama uwanja wa mpira. Mkude alimpeleka mama yake, ana kikohozi cha muda mrefu alichokuwa akikitibu kwa tangawizi na ubishi. Nilifuatana nao kumshika mkono upande wa pili.

Wanapiga picha ya kifua, na kompyuta ndiyo inayoisoma kwanza. Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza mwaka 2021 kwamba programu za namna hii zaweza kutumika badala ya msomaji wa picha, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Sehemu nyingi hakuna daktari wa kuzisoma. Bibi alipotoka akauliza nani amemwona kifua. Muuguzi akasema, "Kompyuta, bibi." Bibi akafikiri. "Ya kiume au ya kike?" Muuguzi akasema ya kike. Bibi akaridhika, akafunga kanga.

Kompyuta imetoa alama ya juu, ina mashaka na pafu la kulia. Mkude akashtuka, akauliza kama hayo ndiyo majibu. Muuguzi akasema hapana, hiyo ni shaka tu, majibu ni makohozi, yanakwenda maabara. Hapo Mkude akakumbuka panya. Hapa Morogoro kila mtu anawajua panya buku wa shirika la APOPO, pale chuo cha kilimo cha SUA, waliofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitafuta mabomu Kambodia, akakuta zaidi ya mia moja ya mabomu na silaha nyingine za vita ambazo hazikulipuka, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu ya shirika moja la Uingereza. Wenyewe APOPO wanasema panya mmoja anapitia sampuli mia za makohozi kwa dakika kama 20. Mkude akataka kujua kama mama yake anaweza kunuswa na panya badala yake, kwa sababu panya ni wa hapahapa. Muuguzi, ambaye nadhani huulizwa hili kila siku, akasema hata panya akionyesha, maabara lazima ithibitishe.

Nimeyaandika haya kwa urefu kwa ajili ya Rehema. Pale uwanjani palikuwa na kompyuta iliyosomeshwa, na pia mtu aliyekumbuka panya mwenye medali, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kutoa majibu peke yake. Kiti cha kusubiria kilivunjika nilipokikalia. Wamekiri kilikuwa kibovu.

Jumatano

Mama ntilie wa kona kaja na mkataba wa mkopo, ule wanaouita kausha damu. Umeandikwa kwa Kiingereza. Aliupiga picha, simu ikamweleza kwa Kiswahili safi kwamba riba ni asilimia 20 kwa wiki, wala si kwa mwezi kama alivyoambiwa, na kwamba dhamana ni jiko, friji na masufuria. Amekuja niseme kama simu inamdanganya. Nimesoma mkataba neno kwa neno, kwa miwani. Safari hii simu imesema kweli tupu, na imeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshasaini siku tatu kabla ya kuipiga picha. Nimempeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti naye anadaiwa na haohao.

Usiku Rehema kafanya mazoezi mbele yetu. Hamisi amempa habari ya jarida la TIME la Januari 2023: wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na ya kudhalilisha watoto, wayawekee alama, ili ChatGPT ijifunze kutoyatoa kwa wateja. Rehema anataka kuitumia. Hamisi akamkumbusha kwamba yeye yuko upande wa manufaa. Rehema akasema anajua.

Nimepitia daftari kumsaidia. Nimemtafuta binadamu anayetajwa kwenye hoja yao, sikumpata. Hajawahi kuingia dukani. Yumo mama yake Mkude, ambaye huenda ameokolewa. Yumo mjane wa Mgeta, ambaye ameibiwa mume baada ya kumzika. Yumo kaka yangu, aliyevuna muhogo kwa simu na kupanda lori la nyanya kwa simu. Wamo wale wa Nairobi, waliosoma uchafu ili barua ya dereva itoke safi. Nimo mimi, ninayepoteza shilingi elfu moja na mia nane kwa kila barua, na asilimia mia ya hadhi ya kuitunga. Anayepata si yule anayelipa, na hapo ndipo ugomvi ulipo. Ukiwajumlisha wote ukawaita binadamu, hesabu inatoka vizuri, na kila mtu anarudi nyumbani na hasara yake. Rehema amesema hilo ni refu mno kwa dakika tatu.

Alhamisi

Makohozi yamejibu: kifua kikuu. Dawa ni za miezi sita, bure. Nyumba nzima ya Mkude itapimwa. Mkude ameshona suruali ya mteja miguu yote miwili upande mmoja, akaifumua, akaishona tena vilevile. Sikumwambia kitu. Bibi anasema alijua tangu mwanzo kwamba yule kompyuta alikuwa mwanamke mwenye macho.

Ijumaa

Mdahalo. Ukumbi umejaa, kipaza sauti kinakoroma. Mzungumzaji wa kwanza wa kuunga mkono hoja alianza: "Katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi kubwa." Mzungumzaji wa kwanza wa kupinga akasimama: "Katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi kubwa." Majaji wakatazamana. Pande zote mbili zilikuwa na hoja tatu tatu, zenye urefu sawa, na zote zilimnukuu Mwalimu Nyerere akizungumzia kompyuta, maneno yaleyale, kwa upande mmoja akiipinga na kwa mwingine akiikubali. Mwalimu wa historia, aliyekuwa jaji mkuu, akauliza ni hotuba ya mwaka gani. Upande mmoja ukasema 1967. Upande wa pili ukasema 2003, na Mwalimu alifariki Oktoba 1999.

Kijana wa tatu alisoma vizuri kuliko wote, bila kukwama, kwa sauti ya kiongozi. Alihitimisha hivi, akitazama karatasi: "Je, ungependa nikuandalie pia hoja za upande wa pili?"

Mwenyekiti wa mdahalo, msichana mdogo mwenye heshima zake, akajibu, "Ndiyo, kama muda unaruhusu."

Rehema aliongea bila karatasi. Alisimulia gari la kifua kikuu, kompyuta na maabara, ukumbi ukatulia. Kisha akaingia kwenye wafanyakazi wa Nairobi na malipo yao, akauliza kama nao wamo kwenye hilo neno manufaa, kengele ikalia akiwa katikati ya sentensi. Jaji akamkata alama kwa kuusaidia upande wa pili na kwa kuzidisha muda. Wameshinda wa kuunga mkono hoja. Kijana wa tatu kapewa kaunta buku kama msemaji bora. Nilipomuuliza Rehema kama kaumia, akasema angalau yeye alijua alichokuwa anasema, halafu akaomba chipsi.

Jumamosi

Wateja saba kabla ya saa nne, wote na maandishi ya simu. Mmoja ana hati ya kuuziana kiwanja inayotaja sheria za Kenya. Kiwanja kiko Mkundi, hapahapa Morogoro. Mwingine ana kadi ya harusi ambayo bibi harusi kaandikwa kwa jina la mfano. Wote wana haraka, na wote wameshasaini au wameshatuma. Kwa hiyo nimebandika tangazo jipya mlangoni, nimelipiga chapa mwenyewe:

KUPRINTI, Sh 200 kwa ukurasa.
KUSOMA KABLA YA KUPRINTI, Sh 500 kwa ukurasa.
Hati za viwanja na mikopo ziletwe kabla ya kusaini.
Wasifu wa marehemu tunausoma bure, ila aje nao mtu aliyemfahamu.